Mkono Uliopimwa Mchana

Mkono wangu ulikuwa chini ya shuka ulipouza ngamia wa mama mmoja mzee kwa bei ambayo mimi sikuitoa.

Ilikuwa asubuhi, soko la mifugo la Garissa, mwaka mmoja kabla ya yale mafuriko makubwa. Kwa asiyelijua soko letu, sisi madalali hatukuwa tukitaja bei kwa mdomo. Watu wamejaa, kila mtu ana masikio, na bei ikisikika imeharibika. Kwa hiyo dalali wa mwenye mali na dalali wa mnunuzi hushikana mikono, wakaifunika kwa shuka, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Kidole kilichonyooka ni kima kizima. Kidole kilichokunjwa ni nusu. Mwenzako anapapasa, akikataa anakukwaruza kiganja, akikubali anaminya. Wewe nawe ukiminya, mikono inatolewa nje, inapigwa kofi moja mbele ya watu, na mali imeshauzwa. Hakuna kurudi nyuma. Hata ukilia, mkono umeshasema.

Siku hiyo nilitoa vidole vitatu. Cha katikati kilikuwa kimevimba chote, toka shinani mpaka kwenye ukucha, kimekuwa kama ndizi za mashamba ya kando ya Tana, na kilikuwa kimekwama kikiwa kimejikunja. Nilikisukuma kinyooke. Hakikunyooka. Mwenzangu akapapasa, akahesabu viwili na nusu, akaminya. Alipominya, maumivu yalinipanda hadi begani na mkono ukajikaza wenyewe, kama mguu unavyoruka ukikanyaga mwiba. Yeye akadhani nimeminya. Akautoa nje, akaupiga kofi, akatangaza bei.

"Hapana!" nikasema. "Nilikupa vitatu vizima."

"Warya, wewe bwana, ulinipa viwili na nusu. Cha katikati ulikikunja."

"Hakinyooki. Kinaumwa."

"Mimi nimekuja kununua ngamia, sikuja kununua maumivu yako."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, kidole chake ni ndizi, bado kinaiva." Wakacheka tena, na waliocheka ni watu niliofanya nao kazi tangu sijaota ndevu.

Mwenye ngamia alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mjane kutoka Balambala, aliyemjua mama yangu, na alikuwa amewapita madalali wote akanitafuta mimi. Mimi nilimwita eedo, yaani shangazi, kama tunavyowaita wanawake wa umri ule. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono.

"Mwanangu, mkono ukiumwa hivi, kwa nini hukuniambia nimpe mtu mwingine?"

"Eedo, hospitali walisema nimepona."

"Kwa hiyo ni hospitali iliyoniuzia ngamia?"

Mpaka leo sijapewa jibu la kumpelekea.

Mimi si msomi. Utotoni nilikaa duksi nikasoma Kurani, halafu shule ya serikali mpaka darasa la nne, ukame ukaja, tukahama na wanyama, shule ikabaki kule. Kuandika vizuri nimejifunza ukubwani. Kwa hiyo msitegemee maneno ya madaktari hapa. Lakini waliokosa nawajua, ni wawili, na majina yao ninayo. Siyaandiki. Nawaandika kwa kazi zao: tabibu wa hospitali moja ya mji wetu, na daktari bingwa aliyekuwa akija kwa ndege.

Ugonjwa wenyewe ulianza kichwani, chini ya kofia. Magamba meupe, ukikuna yanadondoka mabegani kama unga. Halafu viwiko, halafu magoti, halafu nyuma ya masikio. Kwetu ukiwa na ngozi ya namna hiyo watu hawakuulizi, wanajijibu wenyewe. Walisema ukoma. Hakuna aliyeniambia usoni, ila siku moja kwenye chakula, badala ya kula na wenzangu sinia moja kama kawaida, nilijikuta nimetengewa sahani ya peke yangu, kwa heshima kabisa, eti mgonjwa apate nafasi. Nikaibeba ile sahani mpaka nyumbani. Mke wangu alipoiona alielewa bila kuambiwa. Akaketi, akaanza kula humo humo.

"Utaambukizwa," nikamwambia.

"Nikiota magamba tutakuwa mamba wawili. Twende zetu mtoni. Kula."

Ndivyo alivyo. Mtaona.

Baada ya ngozi zikafuata kucha. Zikawa na vitobo vidogo vidogo kama kuku amezidonoa. Halafu kisigino cha kulia: asubuhi nikishuka kitandani nilikanyaga kama ninayekanyaga kaa la moto. Halafu kidole cha mguu, halafu vidole vya mkono, kimoja baada ya kingine, na havikuvimba pingili moja kama mtu aliyeteguka, vilivimba vizima vizima. Kabla ya alfajiri nilikuwa siwezi kukaza kikoi kiunoni. Mke wangu ndiye aliyenifunga. Birika la kuchukulia udhu nililibana kwa viganja viwili kama mtoto. Kwenye tahiyatu nilikaa miguu pembeni kama kikongwe, na nilikuwa sijafika miaka thelathini na mitano. Jua likishapanda, ndipo mwili ulipokuwa ukilegea kidogo kidogo, na mchana, mtu akiniona, alikuwa hajui kitu.

Nataka mliweke hilo akilini: mchana, mtu akiniona, alikuwa hajui kitu. Ugonjwa huu una saa zake, na madaktari wana saa zao.

Nikaenda kwa tabibu. Alikuwa mtu wa bara, wa milimani, aliyeletwa kwetu na serikali bila kuomba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesubiri uhamisho, na mtu wa namna hiyo anakutibu huku amekupa mgongo, hata kama uso ameuelekeza kwako. Alinitoa damu. Niliporudi kuuliza akasema:

"Damu yako safi. Baridi yabisi haimo."

"Na hiki kidole?"

"Umejigonga."

"Nimejigonga vidole vitatu na kisigino?"

"Nyinyi watu wa ngamia mnapigwa mateke, halafu mnasahau."

Alinipa mafuta ya ngozi na vidonge vya maumivu. Vidonge vilinitoboa tumbo, mafuta yaliisha. Nikarudi. Damu tena. Safi tena. Mara ya tatu aliniambia, mbele ya benchi zima la wagonjwa, kwamba kuna watu wanapenda tu hospitali. Benchi likanitazama. Mimi mtu mzima, dalali, niliyekuwa naaminiwa mali za watu kutoka Kutulo mpaka Mandera, nikatoka pale nikachechemea kwa makusudi, ili angalau waone. Hiyo ndiyo hali ambayo mtu asiyeaminiwa hufikishwa. Anaumwa kweli, na bado analazimika kuigiza.

Daktari bingwa alikuja baadaye. Alitoka Nairobi kwa ndege ndogo, mara moja kila baada ya miezi kadhaa, akaona wagonjwa wa viungo na wa ngozi alasiri moja, akarudi. Nampa haki yake. Kabla sijaketi vizuri alishaona kucha zangu. Akanivua kofia mwenyewe, akatazama nyuma ya masikio, akamgeukia tabibu wakasema Kiingereza chao, halafu akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Bwana, hii inaitwa soriasisi, na imeingia kwenye viungo. Si ukoma. Huwezi kumwambukiza mtu."

"Lakini damu ni safi."

"Damu haitaonyesha. Ugonjwa huu hupimwa kwa macho, kwa mkono, na kwa kuuliza."

Sikuwahi kusikia neno zuri namna hiyo. Kwa macho, kwa mkono, na kwa kuuliza. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, na yeye akaenda kuwaambia wote waliotutengea sahani, nyumba kwa nyumba, hakuacha hata moja.

Dawa ilikuwa vidonge vidogo vya manjano, vya kumeza siku moja tu katika wiki. Nilichagua Ijumaa, baada ya sala. Jumamosi nzima nilikuwa nikichefukachefuka, hata harufu ya maziwa nilikuwa siitaki, na Msomali asiyetaka maziwa anatazamwa vibaya. Lakini ilifanya kazi. Miezi ilipita, magamba yakapukutika, viwiko vikarudi kuwa viwiko. Vidole vilipungua, havikuisha. Asubuhi bado zilikuwa mbaya, ila ubaya wake ulikuwa umefupika. Nilikuwa nafika sokoni nimechelewa, ng'ombe wazuri wameshachukuliwa, nachukua waliobaki. Sawa. Nilikuwa nafanya kazi. Shuka ilikuwa inafunika mkono wangu, na mkono ulikuwa unasema ninachotaka useme. Sikuwa naomba zaidi ya hapo.

Halafu ikaja siku ya kupimwa kama dawa imeniitikia.

Ndege ilitua kama kawaida yake, jua liko juu. Kliniki ikaanza baada ya adhuhuri. Mke wangu alinisindikiza, kwa sababu alikuwa na maneno. Tukaingia wote wawili. Tabibu akasema, "Mama, ngoja nje."

"Mimi ndiye ninayemvalisha," akasema mke wangu. "Daktari, ukitaka kumjua huyu mtu, muone kabla jua halijatoka. Sasa hivi unaona mtu mwingine."

Bingwa alikuwa ananawa mikono, sijui alisikia au hakusikia. Tabibu alisikia. Akamfungulia mlango: "Mama, hapa ni kliniki, si nyumbani kwako. Mgonjwa ana mdomo wake."

Akatoka. Sauti yake niliisikia kule nje, anawaambia wagonjwa kwenye benchi, "Wanapima gari limezimwa injini."

Haya. Bingwa akaanza na ngozi. Alinikunjua kiganja changu mwenyewe, akaniambia kiganja cha mtu ndicho kipimo cha ngozi yake, kwamba tunaangalia madoa yaliyobaki yanaingia viganja vingapi. Hayakujaza hata kimoja. Akafurahi. Mimi pia nikafurahi. Halafu viungo vya mikono. Akabonyeza pingili moja moja, akaniuliza hapa vipi, na hapa vipi. Nikamwambia panauma kiasi, pale panauma sana. Kiatu hakuniambia nivue. Kisigino kilikuwa ndani ya kiatu, na kile kidole cha mguu kilikuwa humo humo, kimevimba, kama wagonjwa wawili wanaosubiri kuitwa. Hawakuitwa.

Akachukua ule mfuko wa kitambaa wa mashine ya presha, akaukunja, akaupuliza kidogo, akanipa mkononi.

"Kaza. Kaza kwa nguvu zako zote."

Sasa fikirini. Mimi tangu ujana kazi yangu ni kuminya mikono ya watu. Mkono wa dalali una nguvu kwenye shina la kidole gumba na kwenye kiganja, kwa sababu hapo ndipo unapomkamata mwenzako asitoe mkono kabla hamjamalizana. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa nusu, lakini kiganja na gumba vilikuwa hai. Daktari amesema kaza. Nimekaza. Zebaki ikapanda kwenye kile kioo mpaka tabibu akapiga mluzi.

"Huu mkono ni wa simba," tabibu akasema.

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, kwa sababu mtu akikuita simba huwezi kukunja uso. Lakini hakuna aliyeniambia ninyooshe kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeniuliza ninakula kwa kazi gani. Angeuliza, ningemwambia: nguvu siitumii popote, mimi nahitaji kidole kinachonyooka ninapotaka kinyooke na kinachokunjika ninapotaka kikunjike. Hicho ndicho cha kupima. Mkono wangu haubebi magunia.

Akauliza, "Asubuhi viungo hukakamaa kwa muda gani?"

Nikaanza, "Tangu alfajiri mpaka jua..."

"Asubuhi tu," tabibu akadakia, akaendelea kwa Kiingereza. Bingwa akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Kwa jumla unaendeleaje?"

"Alhamdulillah."

Ndiyo, nilisema. Ningesema nini? Kwetu hata mtu aliyezika mtoto wake asubuhi, ukimuuliza hali mchana atakwambia alhamdulillah. Hilo ni neno kwa Mungu, si ripoti ya viungo. Tabibu alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha kulijua hilo. Alilijua na akanyamaza.

Bingwa akasema, "Umeitikia matibabu vizuri sana. Ngozi safi, nguvu zimerudi. Dawa hii ni kali kwa ini, na ni chache. Tunaisimamisha, tuwape wanaoihitaji."

"Mimi siihitaji?"

"Umepona, bwana. Wengine wangetamani mkono kama wako."

Nilitoka pale na furaha, niseme ukweli. Mtu aliyeijua kucha yangu kabla sijaketi ameniambia nimepona, mimi ni nani wa kumpinga? Njiani nilimwambia mke wangu. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Hilo shati ulilovaa, nani alifunga vifungo vyake leo?"

Nilimkasirikia.

Wiki chache hazikwisha vizuri. Asubuhi zikaanza kurefuka. Jua lilipanda na vidole bado vilikuwa vimelala. Ngozi ilikaa safi, na hiyo ndiyo iliyoniua, kwa sababu kila niliyemwendea alitazama ngozi. Nilirudi kwa tabibu.

"Bingwa amesema umepona," akasema. "Mimi nani nimbishie? Ngoja ndege."

"Tazama kidole."

"Nimekiona. Na mimi niliona zebaki kwa macho yangu. Mtu mwenye nguvu zile anakuja kulia kwangu? Kafanye kazi, mzee."

Nikaenda kufanya kazi. Kilichofuata mmeshakisoma.

Eedo alichukua ile bei, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akaenda bila kuniaga. Angenitukana ningepata nafuu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenipa mali yake. Hawakutangaza. Waliniamkia vizuri, wakaniuliza watoto, chai walininunulia. Lakini nikinyoosha mkono kuelekea kwenye shuka, mtu alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa soko. Dalali ambaye mkono wake unasema uongo hana kazi pale. Angekuwa mwizi wangemwogopa, na mtu anayeogopwa bado anafanya biashara. Mimi walinihurumia.

Ndege ilipokuja tena, bingwa hakuwamo. Amekwenda ng'ambo kusoma zaidi, wakasema. Nikapanda lori la ng'ombe mpaka Nairobi, nimekaa juu kwenye vyuma na wale vijana wa kuchunga mzigo, vidole nimevifunga kwa kitambaa. Kwenye hospitali kubwa ya kule waliniambia kliniki ya viungo haimwoni mtu bila barua kutoka hospitali yake. Nikarudi Garissa kuomba barua. Tabibu akakataa. Unajua sababu? Mtu aliyepona hatumwi mbele. Hivyo ndivyo alivyosema, na alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto hesabu.

Halafu mvua. Barabara ya Nairobi ikakatika, mji ukawa kisiwa, ndege zilizotua zilileta unga na maturubai. Sikulalamika kuhusu unga. Hata sisi tuliula. Lakini mpaka maji yalipokauka na daktari mwingine akaja, kijana, mwenye haraka lakini mwenye macho, vidole vyangu vitatu vilikuwa vimeshaamua vitakaa namna gani maisha yote. Huyo kijana alinivua viatu. Alinipiga picha za mifupa, akaziinua kwenye mwanga, akakaa nazo muda mrefu.

"Mfupa umeliwa hapa, na hapa umeshikana," akasema. "Dawa itazuia vingine. Hivi havirudi. Ulikuwa unatumia nini?"

Nikamtajia vidonge vya manjano.

"Kwa nini uliacha?"

"Sikuacha. Mlinipima mkanikuta nimepona."

"Nani alikupima?"

"Nyinyi."

Akaniandikia vidonge vile vile.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nishike kalamu, na ninaishika kwa kidole gumba na ngumi, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Kwetu mtu akikuvunja kidole, haiishi hivyo. Hata kama hakukusudia, hata kama mlikuwa mnatania. Watu wake wanakuja, wanakaa na watu wako, inaulizwa imekuwaje, na kidole kinapewa haki yake, kwa sababu kila kidole kina haki yake. Na kabla ya kulipwa kitu chochote, kwanza mtu anasimama anasema: ndiyo, ni sisi. Mimi nilikwenda kwa mdogo wake baba, anayekaa kwenye mambo hayo, nikamkuta hotelini anakunywa chai na wenzake wawili.

"Nani amekivunja?" akauliza.

"Daktari."

"Kwa rungu?" mmoja wa wale wawili akadakia.

"Kwa kusema kimepona."

Huyo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wallahi hii mpya! Kidole kimevunjwa na habari njema!"

Baba mdogo hakucheka. Alivichukua vidole vyangu, akavigeuza. Akaniita adeer, baba mdogo, kama kwetu mkubwa anavyomrudishia mtoto wa ndugu yake jina analoitwa yeye. "Adeer, mimi naelewa. Aliambiwa aangalie, hakuangalia, ukaumia. Hilo linakalika. Lakini niambie, watu wake ni nani? Tukae na nani?"

Nikaenda hospitali kumtafutia watu wa kukaa nao. Tabibu alikuwa ameshapata uhamisho wake, yuko kwao milimani. Kwenye ofisi ya mkubwa wa hospitali nilimkuta mtu mpya, kijana wa watu, aliyenikaribisha kiti.

"Mzee, huyo hayupo tena hapa. Na bingwa pia hayupo."

"Najua."

"Na ugonjwa wenyewe, usikasirike, hauna kupona."

"Mimi sikuulizi ugonjwa. Ugonjwa umetoka kwa Mungu, huo nimeshapatana nao. Nauliza mtu."

"Mtu yupi?"

"Aliyesema nimepona."

Akanyoosha mikono. Akasema utaratibu, akasema uhaba wa dawa, akasema mkoa wetu ni mgumu, madaktari hawataki kuja. Yote ni kweli. Nilimwambia yote ni kweli. Halafu nikamwambia kuwa kuhamishwa si jibu. Mtu akihama na ngamia zake akaenda Ethiopia, kidole alichokivunja hakihami naye, kinabaki hapa kwa mwenyewe, na watu wake waliobaki wanaulizwa.

Basi nauliza hadharani, kwa kuwa ofisini sikujibiwa. Wewe bingwa, ulinifundisha mwenyewe kwamba ugonjwa huu hupimwa kwa macho, kwa mkono na kwa kuuliza. Viatu vyangu vilikuzuia nini? Mke wangu alikutishia nini? Na wewe tabibu, uliyemfungulia mlango, uliyenikatiza neno nikiwa naeleza alfajiri zangu, kisha ukaninyima barua kwa sababu ya neno 'umepona' lililozaliwa na kunikatiza huko: ulikuwa unaharakisha kwenda wapi? Serikali iliyowatuma kwetu, hospitali iliyowapa chumba na kiti, hao ndio watu wenu. Kwetu hakuna mtu asiyekuwa na watu.

Sitaki pesa. Mke wangu anauza maziwa, tunakula. Vidole sivitaki pia, najua havirudi. Nataka mmoja wenu aje Garissa, aketi mbele ya wazee, aseme ni sisi, na aeleze ilikuwaje. Wazee wako tayari kukaa. Niambieni tu ni nani anayekuja.